Tumerithi majani, tumeyaacha masharti

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kama kuna mgeni aliyestahili methali hii hasa, basi ni mwarobaini. Mti huu, ambao leo ni vigumu kupata mtaa wa Mombasa au Malindi usiokuwa nao, si wa kwetu kwa asili. Kwao ni Bara Hindi na Burma. Wanasayansi huuita Azadirachta indica, jina lililotokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti huru wa India. Ulivuka bahari pamoja na watu, ukapandwa uani na kando ya njia, na haukukaa vizazi vingi kabla ya kupewa uenyeji. Wengine wakauita mkilifi. Wengi wakauita mwarobaini, kwa imani ya kwamba hutibu maradhi arobaini.

Sasa, ndugu msomaji, nakuomba ulifikiri jambo moja. Mti haushuki melini ukiwa umefungiwa karatasi ya maelezo. Waliouleta walikuwa na yao waliyoyajua, lakini aliyeupokea huku, mwenye maradhi yake na chakula chake na hali yake ya hewa, ilimbidi ajaribu mwenyewe. Ni jani au ni gome? La kuchemsha au la kusaga? La kunywa au la kuogea? Kwa mtu mzima au kwa mtoto? Majibu ya maswali hayo ndiyo wazee wetu waliyoyaita masharti. Na hoja yangu leo ni hii: majani tumeyarithi, na sifa zake tumezirithi, lakini masharti tumeyaacha njiani. Kwa kufanya hivyo hatumtendei haki mganga wa kale wala mwanasayansi wa leo, kwani wote wawili kazi yao hasa ni masharti.

Kila baada ya muda hutangazwa habari ya kwamba wataalamu wamekamua majani ya mti fulani na kukuta yana nguvu ya kuua bakteria, yaani vile viini visivyoonekana kwa macho ambavyo huleta majipu, homa ya matumbo, kifua kikuu na maradhi mengine chungu nzima. Habari za namna hiyo kuhusu mwarobaini ni nyingi mno. Zikitoka tu, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hushangilia: "Si tuliwaambia? Hata wataalamu wenyewe wamekubali!" Kesho yake utawaona wakichemsha sufuria nzima. Kundi la pili hubeza na kusema hayo ni mambo ya kishenzi yaliyopitwa na wakati. Kubeza huku kuna mizizi yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyotungwa na serikali ya kikoloni, ilichangia kumfanya mganga wa majani atazamwe kwa jicho lile lile alilotazamiwa mchawi, na jicho hilo wengine wetu hatujalifumba.

Makundi haya hujiona maadui. Mimi nawaona kuwa ni ndugu wa baba mmoja, kwani wote wamekataa kupima. Huyu amesifu bila ya kupima, na yule amelaani bila ya kupima.

SAHANI YA MAABARA

Tuingie kwanza maabara, tuone hayo majani hufanywa nini. Huchumwa, huoshwa, hukaushwa kivulini, kisha husagwa yakawa unga. Unga huo hurowekwa katika kitu cha kuyeyushia, mara maji, na mara nyingi zaidi spiriti za namna ya ethanoli au methanoli. Baada ya siku moja au mbili huchujwa, na ile spiriti hufukizwa mpaka libaki tope zito la kijani kilichokoza. Hiyo ndiyo dawa ghafi. Ndani yake mna mchanganyiko wa vitu vingi. Kuna tanini, zile zinazokaza ulimi ukionja ndizi mbichi au chai ya rangi iliyokolea. Kuna flavonoidi, mojawapo ikiitwa kwesetini. Na kuna jamii ya vitu vichungu viitwavyo limonoidi, ambavyo mwarobaini unavyo tele, kama nimbini na nimbolidi. Mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui ndiye aliyeitenga nimbini kutoka mafuta ya mwarobaini mwaka 1942, na tangu hapo wanakemia hawajauacha mti huu upumzike.

Kisha huja sahani. Ni sahani ndogo yenye kifuniko, iliyomiminiwa agari, utelezi unaoganda ambao hutokana na mwani wa baharini. Ni ile ile ambayo akina mama wa Mombasa hununua madukani kwa kupikia faluda. Juu ya agari hupakwa viini. Halafu huwekwa vijiduara vya karatasi vilivyochovywa katika ile dawa ghafi, pamoja na kimoja kilichotiwa dawa ya hospitali inayojulikana, ili kuwe na mizani. Sahani hufunikwa na kuwekwa usiku kucha penye joto la mwili wa binadamu, yaani nyuzi 37. Asubuhi viini vimeota na kutanda kama ukungu juu ya sahani yote, isipokuwa kando ya kile kijiduara ambacho dawa yake ina nguvu. Hapo hubaki duara tupu, safi. Duara hilo hupimwa kwa milimita, na hiyo ndiyo habari tunayoambiwa ya kwamba majani yameua bakteria.

Hapa pana kisa kinachoufaa ukurasa huu wa utamaduni. Agari haikuletwa maabara na daktari. Mwaka 1881 huko Ujerumani, wataalamu waliomzunguka Robert Koch walikuwa wakihangaika, kwa kuwa jelatini waliyoitumia ilikuwa ikiyeyuka kwa joto. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi hao, ndiye aliyependekeza agari. Alikuwa akiitumia jikoni kugandishia vyakula vitamu, na ujuzi huo aliupata kwa jirani aliyewahi kukaa Java. Kwa hiyo sahani yenyewe ambayo leo huletwa kumhukumu nyanya na chungu chake, imesimama juu ya ujuzi wa jikoni wa watu wa Asia. Na Koch alipoandika habari za agari mwaka 1882, jina la Fanny Hesse hakulitaja. Likumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

KUUA SAHANINI SI KUPONYA

Duara tupu katika sahani ni jambo la maana, lakini si tiba. Siki nayo hufanya duara. Ndimu hufanya duara. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hufanya duara kubwa, wala hakuna mwenye akili zake atakayeinywa kwa sababu hiyo.

Tofauti ya kwanza ni ya kuyeyusha. Mtaalamu ametumia methanoli, nasi nyumbani twatumia maji ya mfereji. Vitu vingi vilivyomo ndani ya jani hutoka upesi katika spiriti na hukataa kutoka katika maji, kama mafuta yanavyokataa kuchanganyika na uji. Basi dawa aliyoipima yeye si ile uliyoichemsha wewe, hata ikiwa majani yametoka katika tawi moja.

Tofauti ya pili ni ya kiasi. Dawa nyingi za antibiotiki za hospitali huzuia viini kwa mikrogramu chache tu katika kila mililita moja. Dawa ghafi za majani aghalabu huhitaji mamia ya mikrogramu, au hata maelfu. Kukifikisha kiasi hicho katika damu ya mtu kwa kunywa vikombe ni muhali, na kama ingewezekana, basi ini na figo zake zingeanza kulia kabla ya viini.

Tofauti ya tatu ni ya viini vyenyewe. Vile vya majipu na usaha, viitwavyo stafilokoka, ukuta wao hupenyeka kwa urahisi zaidi. Vile vya matumboni, kama vya homa ya matumbo, vimejivika utando wa pili kwa nje, na utando huo huzuia vitu vingi vya majani visiingie. Jani liliposhinda stafilokoka halikushinda bakteria wote, seuze maradhi yote. Malaria hailetwi na bakteria hata kidogo. Presha haina kiini cha kuuawa.

Lakini haya nani huyasema? Karibu na kituo kimoja cha mabasi nilimsikiliza muuzaji aliyepanga chupa zenye maji ya kijani. Alikuwa na sauti nzuri na maneno matamu. Chupa ile ile moja, kwa maelezo yake, ilikuwa ya malaria, ya sukari, ya presha, ya vidonda vya tumbo na ya nguvu za kiume, bilauri asubuhi na bilauri jioni, mzee kwa mtoto. "Imethibitishwa maabara," akamalizia. Nikamwuliza imethibitishwa kwa ugonjwa gani katika hiyo aliyoitaja, naye akaniuliza kama nanunua au sinunui.

Msomaji asidhani natafuta mzaha. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza katika jarida la Lancet habari za watoto wadogo walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa maradhi madogo madogo. Walitapika, wakalewa usingizi, wakashikwa na mishtuko ya degedege, na ubongo na ini zikaingia hatarini. Mafuta ya mbegu si sawa na maji ya majani, hilo ni kweli. Lakini mti ni ule ule, na mama aliyeambiwa tu ya kwamba "mwarobaini ni dawa" atajuaje tofauti, ikiwa aliyempa hakumpa masharti?

MASHARTI YA NYANYA

Nyanya yangu alikuwa akiitwa kila nyumba yenye mtoto aliyeshikwa na tetekuwanga. Hakuwa mganga, wala hakupokea senti. Alikuwa mjuzi wa kuogesha, basi. Masharti yake yalikuwa machache, na aliyasema kwa ukali. Majani yachumwe yaliyokomaa, yasiwe machanga wala yasiwe yaliyozeeka. Yakikaushwa, yakaushwe kivulini, si juani. Maji yake kwa mtoto ni ya kuogea tu, na mtoto wa kunyonya asionjeshwe hata tone. Mwenye mimba asiyanywe. Mtu mzima mwenye homa akinywa, basi ni kikombe cha kahawa, siku tatu, naye akiwa hajapata nafuu aende hospitali. Hilo la mwisho watu hulisahau wanapowasimulia wazee, kana kwamba wazee hawakuijua njia ya hospitali.

Tuyatie masharti hayo katika mizani. Kivuli: maabara nayo hukausha majani kivulini, na azadiraktini, kitu mashuhuri kuliko vyote vya mwarobaini, huvunjika upesi kikipigwa na jua. Umri wa jani: imejulikana ya kwamba vitu vilivyomo ndani ya jani huzidi na kupungua kwa umri wake, kwa msimu na kwa udongo. Mimba: majaribio yaliyofanywa kwa panya yameonyesha ya kwamba mwarobaini waweza kuzuia mimba isishike au kuiharibu. Kuogea: tetekuwanga yenyewe huletwa na kirusi, wala haiponi kwa kuua bakteria, lakini mtoto akijikuna, vidonda vyake huingiwa na viini vya usaha, na hapo penye ngozi ndipo maji ya majani huweza kuvifikia viini moja kwa moja, bila ya kuzimuliwa katika damu.

Sisemi ya kwamba nyanya alijua habari za azadiraktini. Nasema kwamba alijua mipaka ya jani lake, na mipaka hiyo haikuja kwa ndoto. Ilikuja kwa kutazama miaka mingi nani alipona na nani alidhurika, na kukumbuka. Sasa tazama tulivyofanya sisi tuliosoma. Kikombe cha kahawa kimekuwa bilauri. Siku tatu zimekuwa mwezi. Maji ya kuogea yamekuwa ya kunywa. Na bado twasema twafuata mila za wazee.

KAMILI NA NUSU

Kuna sharti jingine ambalo lugha yenyewe ilitutunzia, nasi tumelipuuza. Kiswahili kinajua miarobaini miwili. Kuna mwarobaini kamili, huu tunaouzungumza, na kuna mwarobaini nusu, ambao wanasayansi huuita Melia azedarach. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa mkangazi, na kwa mbali hufanana. Lakini huyo nusu ana sumu. Matunda yake yamedhuru watu na mifugo katika nchi nyingi.

Kuwatenganisha si kazi kubwa. Mwarobaini kamili, kijiti cha jani lake ni kimoja, na vijani vimepangwa kushoto na kulia kama mbavu za samaki. Mwarobaini nusu, kijiti chake hutoa vijiti vingine, na vijani hukaa katika hivyo vya pili. Kamili ana maua meupe, na nusu ana maua ya zambarau hafifu. Tunda la kamili ni refu kidogo, na la nusu ni la mviringo, lenye kokwa ngumu ambayo watu wameifanya ushanga.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wasomaji wa bara. Mwarobaini kamili hupenda joto la pwani na nyanda za chini, na baridi hauiwezi. Katika miji ya juu kama Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, ni huyo nusu anayestawi kwa urahisi, na watu humwita mwarobaini bila ya kuongeza neno la pili. Aliyesikia redioni ya kwamba mwarobaini huua bakteria, kisha akachuma kwenye mti wa maua ya zambarau ulio nyuma ya nyumba, atakuwa ametegemea jina tu. Neno moja dogo, "nusu", lililowekwa na watu wasiojua kusoma, lilikuwa ni onyo kamili. Tumelidondosha, na onyo limedondoka nalo.

JE, MASHARTI YOTE NI ELIMU?

Najua mtu ataniuliza: na yale masharti ya kuchuma usiku wa manane, ya kutogeuka nyuma, ya kuku mwekundu? Hayo nayo ni elimu? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mengine yalikuwa ya kumtuliza mgonjwa, mengine ya kulinda siri ya kazi, na mengine hayakuwa na maana yoyote. Lakini huwezi kujua lipi ni lipi kwa kuketi barazani na kubishana. Utajua kwa kupima.

China imetupa mfano ulio wazi. Katika miaka ya vita vya Vietnam, Tu Youyou na wenzake walipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika vitabu vya kale. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga uliwapa matokeo mazuri leo na mabaya kesho. Tu akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4, akaona ya kwamba mzee yule hakusema majani yachemshwe. Alisema yarowekwe katika maji, kisha yakamuliwe. Akatambua ya kuwa huenda ni moto uliokuwa ukiiharibu dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo tu, na dawa ikatoka na nguvu zake. Hiyo ndiyo artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa za malaria tunazomeza leo katika zahanati za Kenya ni za ukoo huo. Malaria si bakteria, lakini funzo ni lile lile. Kilichomwongoza Tu Youyou hakikuwa sifa ya mmea, kwani sifa kila mtu alikuwa nayo. Kilikuwa ni sharti moja lililoandikwa na kutunzwa.

Na mwarobaini wetu nao umepata kupimwa kwa adabu. Mwaka 2004 watafiti wa India walichapisha matokeo ya jeli ya meno iliyotiwa maji ya majani ya mwarobaini. Hawakuishia sahanini. Waliwapa vijana waitumie kwa wiki sita, wakailinganisha na dawa inayojulikana ya kusukutulia, na wakakuta ukoga wa meno na bakteria wa mdomoni wamepungua. Angalia mipaka yake: jani, si mbegu, mdomoni, si tumboni, watu wazima, si watoto, muda unaojulikana. Hayo nayo ni masharti. Nyanya angemwelewa mtafiti huyo bila ya mkalimani.

NANI ATATAJWA?

Nilisema nitamrudia Fanny Hesse. Ujuzi unaotoka jikoni na kuingia maabara una tabia ya kupoteza jina la mwenyewe mlangoni. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Idara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace haki ya kumiliki njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuzuia kuvu katika mimea. Wapinzani, akiwemo Vandana Shiva wa India, walileta ushahidi ya kwamba wakulima wa India walikuwa wakiyajua hayo tangu zamani. Mwaka 2000 haki hiyo ilifutwa, na mwaka 2005 rufani nayo ikatupwa. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na la kuonyesha.

Sisi tutaonyesha nini? Hatuko watupu. Profesa John Kokwaro alikusanya majina na matumizi ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki katika kitabu kilichotoka mwaka 1976, na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo chake cha dawa za asili. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda ujuzi wa jadi. Lakini sheria hulinda kinachojulikana kuwepo. Sharti lililozikwa na mzee mmoja kijijini halina wakili. Mganga anayesema, "Siri yangu ndiyo shamba langu," simlaumu, kwa kuwa wengi waliokuja na daftari walichukua wasirudi. Lakini na yeye ajue ya kuwa shamba lisilo na mpaka ulioandikwa ndilo linalonyakuliwa upesi.

Wala jambo hili si la fahari tu. Bakteria wanazidi kuzoea dawa zetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria ya kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa duniani kwa sababu ya bakteria waliozishinda antibiotiki. Dawa mpya zahitajiwa, na majani ni mojawapo ya mahali pa kuzitafuta. Anayebeza majani anafunga mlango ambao huenda mtoto wake atauhitaji. Na anayeyanywa ovyo, akaacha dawa ya homa ya matumbo aliyopewa hospitali katikati, anawapa viini hao nafasi ya kujinoa.

Basi ninayo maombi matatu. Kwa wataalamu na sisi tunaoandika magazetini: habari ya majani yanayoua bakteria isitolewe bila ya kusema ni sehemu gani ya mti, imeyeyushwa kwa nini, kwa kiasi gani, dhidi ya kiini kipi, na kama ni katika sahani au katika mwili wa mtu. Isemwe kwa Kiswahili, na irudishwe kwa wazee waliouonyesha mti, na majina yao yawekwe. Kwa vijana walio na nyanya na babu hai: kaeni nao na kalamu. Msiwaulize mti gani hutibu nini, kwa kuwa hilo kila muuzaji wa chupa analo. Waulizeni ni lini usitumike, nani asipewe, na dalili gani ikitokea mtu aache. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga mwenye homa: jani lingoje, hospitali isingoje.

Wazee hawakutuachia mti peke yake. Waliuachia pamoja na lijamu yake. Anayempanda farasi bila ya lijamu asimsingizie farasi akiangushwa, wala asimsingizie aliyemrithisha.